Gari Iliwaka Mama Amekwisha Kufa

Mimi ndiye nilikosa. Nasema hivyo kwanza ili usianze kunihurumia ukifika katikati. Mutu wa kulaumiwa ni mimi, na kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa mutu wa pekee Goma nzima aliyejua hilo.

Jina sitaandika. Familia yetu ni ya upande wa Bukavu, lakini tumeishi hapa Goma, mutaa wa Mabanga, tangu zamani. Mimi ni karani katika depo ya bidhaa ya mufanyabiashara mumoja. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mama yetu, na dada yangu mudogo Nsimire, mwalimu wa shule ya musingi, aliyeniita Yaya, yaani mukubwa wake. Mama alikuwa na asma.

Mwaka ule nilipata gari. Gari ya otomatike kutoka Japani, ile isiyo na funguo ya kuzungusha. Funguo yake inakaa tu mufukoni. Unakanyaga freni, ile breki, unabonyeza butoni, inawaka. Aa, nilivyojivuna! Jirani akipita nilibonyeza hata kama siendi popote. Maandishi yote ya kwenye tablo, pale nyuma ya usukani, yalikuwa ya Kijapani. Sikuelewa hata moja, na sikujali.

Kisha picha ndogo ya funguo ikaanza kuwaka kwenye tablo. Siku nyingine nilibonyeza mara mbili au tatu ndipo ikanguruma. Nikaipeleka mutaa wa Katindo, kwa fundi wangu Papa Deo.

"Gari haina ugonjwa," aliniambia. "Ni pile inaisha, hii batri ndogo ya muviringo ya ndani ya funguo. Badilisha leo. Na siku gari itakataa kabisa, usihangaike. Gusisha funguo pale pale kwenye butoni, kanyaga freni, bonyeza. Itawaka hata pile ikiwa imekufa."

Nilikuwa kwenye simu! Nilimwitikia kwa kichwa, nikasema, "Ndiyo, ndiyo, muzee," nikaendelea kucheka na rafiki yangu. Alirudia maneno yake mara ya pili kwa upole. Hata hiyo mara ya pili sikumutazama usoni.

Pile sikubadilisha. Wiki tatu zikapita.

Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, saa sita za muchana. Tumetoka misa kwa miguu, sasa mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani mezani. Mama akaanza kukohoa. Nsimire akamuletea pompe yake ya asma, ile ya kupuliza mudomoni. Pompe ilitoa pumzi moja, ikaisha.

"Yaya! Mama hapumui vizuri! Washa gari!"

Nikakimbia. Nikaingia, nikakanyaga freni, nikabonyeza. Tii-tii-tii. Ile picha ya funguo ikawaka, na Kijapani chake. Nikabonyeza tena. Tii-tii-tii. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilipiga usukani, nikatukana, nikalia. Lile neno la Papa Deo, ndugu yangu, halikunijia! Lilikuwa limeingia sikio moja likatokea lingine.

Majirani wakatoka kusukuma. Wanaume wanne, kwenye mvua, juu ya yale mawe ya volkano. Gari ya otomatike haiwaki kwa kusukumwa, lakini nani alijua? Tulisukuma mpaka barabarani, tukasukuma kurudi. Dakika kumi ziliishia pale.

Ndipo Nsimire akatoka nyumbani amemubeba Mama mugongoni. Yeye, mwembamba vile! Akasimamisha motari na moto yake, pikipiki ya kubeba watu, wakamuweka Mama katikati, Nsimire akapanda nyuma akimukumbatia. Mimi nikafuata kwa moto nyingine. Hatujafika nusu ya njia, nikaona mukono wa Mama umeteremuka pembeni, unacheza cheza na mashimo ya barabara.

Hospitalini daktari alimupima, akatazama chini. "Kama mungefika dakika kumi mapema," alisema, akamufunika Mama uso.

Wanawake wakaanza kumuosha Mama, Nsimire kati yao. Mimi nikatumwa nyumbani kuchukua kikwembe chake, kitenge cha kumuvalisha. Nikaingia parsele, uwanja wa nyumba yetu, peke yangu. Gari ilikuwa pale tulipoiacha, mulango wazi, kiti kimelowa. Nikaketi ndani.

Ndipo pale ilinijia. Sauti ya Papa Deo, pole pole, kila neno mahali pake. Nikatoa funguo mufukoni. Nikaigusisha kwenye butoni. Nikakanyaga freni, nikabonyeza.

Gari iliwaka! Mara moja tu, bila kusita!

Mungu wangu, ule mungurumo! Nikauzima haraka kama mwizi, nikatazama kama kuna aliyesikia. Hakuna. Kisha nikafanya jambo ambalo mupaka leo linaniamusha. Nilikuwa na gari nzima, nikachukua kikwembe cha Mama, nikakificha ndani ya koti, nikarudi hospitalini kwa moto. Kwenye mvua! Kwa sababu nikifika na gari, wataniuliza imewakaje.

Mulangoni nikakuta Mjomba, ndugu ya Mama. "Gari imekuwa na nini?" akauliza.

"Batri ilizima," nikasema. "Nsimire alitumia gari jana. Aliacha taa."

Kuiendesha aliiendesha kweli, lakini taa hakuacha. Sikuwa nimepanga. Ilitoka tu, laini, kama kitu cha kweli. Nilipogeuka, Nsimire alikuwa nyuma yangu, mikono bado ina maji.

"Yaya, njo miye? Ni miye niliacha taa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Ungefikiri niliishia hapo. Hapana! Kesho yake, watu wamejaa kwenye matanga, nilimwita jirani mwenye kebo. Tukaunganisha batri yake na yangu mbele ya wote. Nikaingia, nikagusisha funguo kwenye butoni, mukono mwingine ukiificha, na gari ikawaka. Shangazi mumoja akasema kwa sauti, "Kweli ilikuwa batri." Nsimire akakaa chini, pale pale kwenye mawe. Nilimuona. Nilimuona, nikazima gari, nikaenda kunawa mikono.

Tangu siku ile dada yangu hakushika tena usukani. Shuleni akaacha kufundisha. Shangazi zangu wakimuona walipunguza sauti. Alihamia Bukavu, na kila mwaka siku ya misa ya kumukumbuka Mama alinipigia simu: "Yaya, unisamehe." Na mimi, mujinga, mukatili, nilijibu, "Nimekusamehe."

Gari niliiuza. Haikusaidia. Ninakaa ofisini, gari kama ile inawaka nje, na mimi naacha kalamu. Naona mukono wa Mama unacheza cheza kwenye mvua. Wenzangu wanafikiri ni homa.

Nikaenda kwa padri kuungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu amekusikia. Dada yako bado." Hata hapo nilikaa miezi minane!

Mwezi uliopita nikapanda meli ya asubuhi kwenda Bukavu. Nilimukuta Nsimire nyuma ya nyumba, anachambua maharagi. Amekonda. Nikamuambia yote nikiwa nimesimama, maana sikustahili kiti. Pile, Papa Deo, butoni, kebo.

Hakulia. Mikono yake iliendelea kutoa mawe kwenye maharagi.

"Ile saa gari iliwaka," akauliza, "miye nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unamuosha Mama."

Akaweka ungo chini. Alinitazama muda mrefu, namna mutu anavyotazama mugeni aliyebisha mulango wa nyumba isiyo yake.

"Uende umwambie Mjomba. Uwaambie bashangazi bote, mumoja mumoja, kwa kinywa chako. Miye usinipigie simu. Siku nitaweza, nitakupigia."

Nimewaambia wote. Mjomba alinifunga mulango. Shangazi aliyesema "kweli ilikuwa batri" alilia mpaka nikaogopa. Na Papa Deo nilimufuata garaje. Alinishika bega tu. Simu ya Nsimire bado haijalia.

Wewe unayesoma hii, kama gari yako ni ya butoni, usilale hujui siri yake. Pile ya funguo ikianza kuchoka, ibadilishe siku hiyo hiyo. Gari ikikataa, gusisha funguo kwenye butoni, kanyaga freni, bonyeza. Wafundishe wote wa nyumbani. Tafuta mutu akusomee yale maandishi ya tablo. Fundi akisema na wewe, kata simu! Umutazame usoni!

Lakini hilo ni jambo dogo. Mutu anaweza kusahau, na kusahau kunaombewa msamaha. Ukikosa, sema saa ile ile, hata kama maiti iko mbele yako, hata kama familia nzima inakutazama. Usimuache mutu mwingine alie kwa kosa lako na wewe unamuambia umemusamehe.

Nsimire aliniomba msamaha mara tatu. Mara zote tatu nililipokea ombi lake.