Jina la Mume Wangu Kinywani mwa Mgiriki

Wivu ninao, sikufichi. Na mtu mwenyewe nnayemwonea wivu hata lugha hatusikilizani. Ni kizee mwenzangu, Mgiriki, anakaa Amerika. Bibi yake mkaza mwanangu.

Mwanangu wa mwisho alikwenda kusoma huko, akarudi na cheti na mke. Mke kasilimu, mtandio anajifunga vizuri mashallah, sina neno naye. Nkauliza, "Watu gani hao?"

"Wagiriki, mama."

Wagiriki nliwasikia tangu Unguja, wakisemwa wana mashamba ya mkonge huko bara. "Sasa Amerika walifuata nini?"

"Na sie Waarabu tulifuata nini Unguja?"

Khalas, hapo kanipata.

Wakarudi Amerika kukaa. Mkaza mwanangu aliposhika mimba, wakaja kwangu Ibra, hapa Omani, wakati wa baridi, na yule bibi wakaja naye. Kashuka garini kavaa nyeusi juu mpaka chini. Alaa! Nkasema huyu kanishinda hata mie kwa abaya. Kumbe anamlilia mumewe, kafa zamani, na kwao mjane akitaka havui nyeusi mpaka naye azikwe. Mie nlikaa eda yangu ikesha, nkatoka, nkavaa kanga yangu ya mawaridi. Basi hapo ndo wivu uliponiingia. Watu si watasema yeye ndo alompenda mume?

Tukakaa chini, kahawa, halua, naye akaanza kueleza maisha yake, mwanangu anafasiri. Kazaliwa kijiji cha mawe na mbuzi, akanyoosha kidole kwenye majabali yetu, ati kama hapa hapa. Usichanani kaletewa picha ya Mgiriki mwenziwao, mwenye mkahawa Amerika. Kapanda meli peke yake kwenda kuolewa na picha. Kufika bandarini, bwana yupo, zile nywele za kwenye picha hazipo! "Nligeuka nyuma kuitafuta meli," anasema, na macho kayatoa hivi. Akaosha sahani za mkahawa huku tumbo liko mbele. Watoto wake skuli wakichekwa, wananuka kitunguu thomu. Sasa mmoja daktari, wajukuu wamechanganyika na kila kabila, lakini kila Jumapili wote wako kwake, na hadithi inaanza upya, mpaka vitoto vinajua wapi pa kucheka.

Nkawaza, wangu mie wanajua nini? Na sie tulitoka Unguja tukaja hapa kwenye nyumba haina umeme, watoto wa jirani wanatuiga tunavosema. Nani alonikalisha Jumapili akanambia, mama, hebu tuhadithie?

Na kila akisimulia, mumewe anamtaja kwa jina. Waziwazi! Na sauti ile, kama anamwita ng'ambo ya bonde. Anakula tende, anatazama juu: "Eeeh, Fulani! Waniona? Niko Arabuni nakula tende!"

Mie tangu niolewe, jina la mume wangu halijatoka mdomoni mwangu. Ndo adabu tuliyofunzwa Unguja. Nlimwita baba watoto, nlimwita weye, nkikasirika nlimwita huyo. Kafa, na mdomo haukufunguka.

Sasa sikiliza. Mimba ile ishaonekana ya mwanamme. Na mie kitu kimoja tu nlichotaka, mtoto apewe jina la mume wangu. Na yule bila shaka atataka la mumewe, nalo, kwa bahati yangu mbaya, ni la mtume, na sie tunalo. Lingekuwa la kanisani ningesema haramu, nkamaliza. Sasa nishike wapi?

Siku ya pili, Mgiriki akaninyooshea kidole, akasema maneno.

"Mama," mwanangu akasema, "anauliza jina la baba."

"Mwambie weye. Si babako?"

"Anataka wewe useme."

Wote macho kwangu. Nkafungua mdomo, haya zikanishika kama bi harusi. Basi nkafanya nlichokizowea, nkamwiga marehemu. Mume wangu alikuwa haingii ndani ila kakohoa kwanza, wanawake wapate kujisitiri. Nkainua kidevu: "Khe-khe… khehmmm!"

Mwanangu akageuka kutazama mlango. Wallahi, akageuka! Kisha akainama, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Mgiriki alicheka, kisha akasema polepole, mwanangu akafasiri. "Anasema, kwao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba yake baba. Si shauri la mtu. Huyu wa mumeo. Mumewe yeye atangoja wa pili."

Mie nshajitayarisha kugombana, maneno nnayo tele! Kanipa tu, kama anayekusogezea sahani. Nkashukuru, na roho inanikereketa. Hata ukarimu kanishinda.

Mtoto kazaliwa, jina kapewa. Sasa anakimbia, wazee wake kutwa kazini, na nani anayemlea? Yule! Nkipiga simu ya picha nasikia huko nyuma: "Fulani! Njoo ule! Fulani! Shuka mezani! Fulani, viatu!" Jina la mume wangu, asubuhi mpaka jioni, kinywani mwa mwanamke mwengine. Nliishi na yule bwana umri wote bila ya mke mwenza, leo kaburini kaja kunitafutia Mgiriki.

Juzi mtoto kaishika simu mwenyewe, naona pua tu. Babake kamfunza maneno mawili matatu. "Bibi, mimi nani?"

"Weye bwana mkubwa."

"Siyo! Jina!"

Ulimi ukagoma. Nkainua kidevu: "Khe-khe… khehmmm!"

Pua ikaondoka, kikaja kidevu. "Khe-khe… khehmmm!" Vile vile, na ile ya mwisho kaiburuza kama babu yake, mpaka mkono wangu ukenda wenyewe kuvuta mtandio kichwani.

Mgiriki hakukubali. Akasogeza uso: "Kha! Kha! Kha!" Mbuzi kakwamwa na ganda. Mtoto akamtikisia kichwa, akakohoa tena, kumwonyesha. Yule akajaribu. Wapi!

Nkamwita mwanangu kwenye simu. "Mwambie bibi huyo, jina nshampa alitumie. Kikohozi aniachie mie."