Gentille Anafuta Kuanzia Chini

Pale Swima, kando ya ziwa, Gentille ndiye aliyeandika programu ya kugawia bamama vichanja vya kuanikia ndagala, wale samaki wadogo, majina yakifuata alfabeti. Bamama wawili walipohama, wa nne na wa tisa kwenye orodha, aliiagiza mashine ifute namba nne, kisha namba tisa. Mama Nijimbere, wa kumi, akakosa kichanja.

“We Gentille, mashine yako imenihamishia wapi?” akauliza, beseni la ndagala mbichi likiwa kichwani.

Gentille akatafuta mpaka akaona. Wa nne alipotoka, wa chini yake wote walipanda nafasi moja, na Nijimbere akawa wa tisa, akafutwa yeye. Akarudisha majina yote, akafuta wa tisa kwanza, ndipo wa nne.

“Anika, mama. Kichanja ni chako.”

Nijimbere akaanika, akiwaambia wapita njia, “Ni mutoto wetu aliyeitengeneza mashine ya vichanja.”