Asubuhi Niliyotembea na Mama Basilisa

Akina mama wengi hapa Babati huniuliza kuhusu hizi saa za mazoezi, zile za mkononi zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Wanajua niliwahi kuwa nayo. Wanataka kujua kama inafaa kutoa hela kuinunua au ni urembo tu. Huwa nawajibu kwa maneno mawili matatu, nao huondoka hawajaridhika. Leo nitasimulia yote, na sitaongeza hata neno. Dada anayeuza maandazi pale njia panda yupo mpaka leo, muuza simu yupo, na kaburi liko Singe. Asiyeniamini akaulize.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye kiti kimoja zaidi ya miaka ishirini, nikikanyaga pedeli na kuinamisha shingo. Mwaka jana, mwezi wa sita, kichwa kilinisumbua wiki mbili mfululizo, nikaenda kupimwa, nikakutwa na presha. Daktari akanipa dawa na kuniambia nianze kutembea kila asubuhi, tena kwa mwendo wa haraka, siyo wa kwenda sokoni.

Binti yangu Neema, ambaye anafanya kazi Dodoma, aliposikia akasema ninunue saa ya mazoezi ili nijue natembea kiasi gani. Mimi niliona ni vitu vya vijana. Lakini nilipita kwa Jabiri, mwenye duka la simu karibu na stendi, ambaye mke wake ni mteja wangu wa siku nyingi, nikamwomba anionyeshe. Akanifungulia moja nyeusi, akaiunganisha na simu yangu, akanivalisha mwenyewe.

"Kaa nayo wiki nzima, mama," akasema. "Ukiona haikufai irudishe, hatutagombana."

Basi nikaanza kuijaribu. Nilitaka kuwa mnunuzi makini. Nikagundua kwamba nikisonga ugali inahesabu hatua, wakati nimesimama jikoni. Nikisukuma kitambaa kwenye cherehani inahesabu, wakati nimekaa. Nesi aliniambia ile presha inayosomwa na saa nisiitegemee, niendelee kupima kwa mashine ya kubana mkono. Kwa mapigo ya moyo akasema haikosei sana. Chaji ilikaa siku nne. Kwa hiyo ilikuwa na mazuri yake na mabaya yake, na bado sikuwa nimeamua.

Kitu ambacho sikukiona ni jinsi ilivyonishika. Nilikuwa naangalia mkono kila dakika. Baba Neema alinilalamikia kwamba hata akinisalimia namjibu nikiwa natazama saa. Nikacheka. Nilidhani anatania.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Mama Basilisa, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Mama Basilisa na mimi tulikodi chumba kimoja cha ushonaji kwa miaka kumi na moja. Cherehani yake ilikuwa dirishani, yangu mlangoni. Tulikula pamoja, tulikwenda jumuiya ya kanisani pamoja, na mmoja akiumwa mwingine alimalizia kazi zake. Siku moja alikuja asubuhi, akafunga mlango na kulia. Binti yake, Basilisa, alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na mimba. Aliniambia mimi peke yangu. Hata baba yake Basilisa alikuwa hajui. Alitaka apate siku chache za kujipanga, aende mwenyewe kuzungumza na mwalimu, ili binti ajifungue kisha arudi darasani.

Mimi nilimwambia mama mmoja wa jumuiya. Nilimwambia kwamba tumwombee. Hivyo ndivyo nilivyosema, tumwombee, na moyoni nilijua kabisa kwamba nasema umbea. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika shuleni, na wanafunzi walikuwa wameshamwandikia Basilisa maneno machafu kwenye dawati lake. Msichana alirudi nyumbani, akavua sare, na hakuivaa tena mpaka leo.

Mama Basilisa hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Alikuja na mkokoteni, akapakia cherehani yake, akanipa mkono, akaondoka. Baadaye nikasikia amehamia Katesh na binti yake. Ikapita miaka minne. Mwaka jana huohuo, kabla ya mimi kukutwa na presha, mtu aliniambia Mama Basilisa anaumwa, amekonda sana. Nikasema nitampigia. Namba yake nilikuwa nayo. Je, nilimpigia? Sikumpigia. Kila nilipoishika simu nilijiuliza nitaanza na neno gani, kisha nikaiweka chini.

Ilikuwa siku ya tano ya kuvaa ile saa. Mwezi wa saba Babati ina baridi, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Kwaraa mpaka kwenye paa za nyumba. Sikupita upande wa ziwani, kwa sababu saa hizo viboko huwa bado wanarudi majini. Nilishika barabara ya kwenda Singe. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, kumeshapambazuka, wauza maziwa wameanza kupita na baiskeli. Nasema hivyo mjue kwamba haukuwa usiku, na sikuwa na usingizi.

Nilisikia miguu nyuma yangu, kisha mtu akawa ubavuni kwangu.

"Mama Neema, unakimbilia wapi?"

Alikuwa Mama Basilisa. Alijifunga kitenge kimoja na kujitanda kingine, na kweli alikuwa amekonda, lakini alitembea vizuri tu. Nilishtuka, ndiyo, lakini kwa aibu, siyo kwa woga. Nikamwambia za siku nyingi. Akajibu nzuri. Nikamwambia nilisikia unaumwa, akasema alikuwa anaumwa ila sasa amepumzika. Nikafurahi. Niaminini, nilifurahi kwa sababu nilijua mzigo umenishuka. Kama amepona na ananisemesha, basi yameisha, hakuna haja ya kuyachimbua.

Nikamuuliza anakwenda wapi asubuhi yote hiyo. Akasema anakwenda kwao Singe.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilianza kumwelezea saa. Mtu mwenye aibu hutafuta cha kusema, na mimi cha kusema kilikuwa mkononi. Nilimwonyesha hatua, nikamwonyesha mapigo, nikamweleza habari ya ugali na ya chaji. Nikamwomba na ushauri, ninunue au nirudishe, kama vile tulivyokuwa tukishauriana zamani tukienda kununua vitambaa. Alisikiliza. Kuna mahali akauliza kwa upole, "Inanihesabu na mimi?" Nikamjibu hapana, inamhesabu aliyeivaa tu.

Tukatembea tena kidogo. Kisha akasema, "Mama Neema, ile siku nilipokuja na mkokoteni..."

Hapohapo saa ikatikisika. Ilikuwa inanijulisha kwamba nimefikisha hatua elfu nne. Nikainua mkono na kusema, "Subiri, subiri, elfu nne hizi hapa." Nikamwonyesha kioo. Akakiangalia. Hakuendelea na alichotaka kusema.

Ningeweza kumwambia aendelee. Sikumwambia. Nilijua anataka kusema nini, au nilidhani najua, na ile saa ilikuwa imeniokoa.

Tulipofika njia panda nikasimama ili nigeuze. Nikavua saa, nikamwambia na yeye ajaribu, tuone moyo wake. Alinyoosha mkono. Nilipomfunga mkanda niligusa kifundo chake, kilikuwa baridi kama bomba la maji la asubuhi. Nikasema moyoni, huyu hajavaa sweta. Taa ya kijani ya chini ya saa ikawaka, ikamulika, ikamulika. Kisha kioo kikaleta maandishi kwamba saa haijavaliwa. Nikaibana zaidi, maandishi yakawa yaleyale.

"Acha tu, Mama Neema," akasema. "Haitasoma."

Akaivua mwenyewe na kuniwekea kiganjani. Akanishika mkono kama alivyonishika siku ile alipohama, akaniambia nibaki salama, akaendelea na njia. Nilikuwa nahangaika kuivaa tena saa. Nilipoinua kichwa ukungu ulikuwa mzito na sikumwona.

Saa nne nilikwenda dukani kwa Jabiri kuirudisha. Nilimwambia saa ni mbovu, nimemvalisha mtu imekataa kusoma moyo. Akaivaa yeye, ikasoma. Akamvalisha mteja aliyekuwa pale, ikasoma. Akawa ananiuliza huyo mtu niliyemvalisha labda mkono wake ulikuwa na mafuta, na hapo simu yangu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Alinipa taarifa kwamba Mama Basilisa amefariki Katesh, hospitali, usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba mwili utaletwa kuzikwa kwao Singe.

Nilimwambia hapana, nimetembea naye leo asubuhi. Akasema pole sana mama, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Jabiri alinivutia kiti. Aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nasema tu, haikusoma, haikusoma.

Nilipopata nguvu nilikwenda moja kwa moja njia panda, kwa dada wa maandazi. Nikamuuliza kama aliniona asubuhi. Akasema aliniona. Nikamuuliza nilikuwa na nani. Alinitazama kwa huruma, akafuta mikono kwenye aproni.

"Ulikuwa peke yako, mama. Ulikuwa unaongea. Halafu ukavua saa ukawa unafunga mkanda hewani. Nikajua ni zile simu za masikioni, kwa hiyo sikukuita."

Tulimzika baada ya siku mbili. Nilikwenda. Sikukaa na akina mama wa jumuiya, nilikaa mwisho kabisa, karibu na masufuria. Jioni watu walipopungua, Basilisa akanifuata. Sasa ni mwanamke, ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu na kitu. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akakaa. Akaniambia kwamba usiku ule wa mwisho mama yake alimwomba simu ili anipigie mimi. Aliomba mara mbili.

"Nikamnyima," akasema. "Nikamwambia yule mama hastahili. Alfajiri akawa ameshaondoka."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Na kwa kuwa nilidhani itampa nafuu, nilimweleza. Nilimwambia mama yako alikuja. Hakuhitaji simu, alikuja kwa miguu, nikatembea naye, nikamshika mkono. Nilitegemea aniite mwendawazimu, lakini hakuniita hivyo. Aliniangalia usoni, na niliona kwamba ananiamini. Akaniuliza swali moja tu.

"Alisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema amenisamehe, amekusamehe na wewe kwa ile simu, amesema mlee mtoto vizuri. Nani angenipinga? Lakini nilikuwa nimeshamuumiza msichana yule mara moja kwa mdomo wangu. Nikamwambia kweli. Nikamwambia alianza kusema kuhusu siku aliyohama, na mimi nikamkatiza ili nimwonyeshe hatua zangu.

Basilisa aliinuka, akakung'uta kitenge, akaenda kuwasaidia wanaoosha vyombo. Hajanisemesha tena. Mwezi wa kwanza, mtoto alipoanza chekechea, nilimshonea sare na kuituma Katesh kwa basi. Kondakta aliniambia ameifikisha. Kama mtoto aliivaa au la, sijui, na sina ujasiri wa kuuliza.

Saa sikuinunua. Jabiri alitaka kunipa kwa bei ya chini, nikakataa, naye hakunilazimisha. Bado natembea kila asubuhi, presha yangu imeshuka, nesi ananisifu. Napita barabara ileile. Baba Neema aliwahi kunishauri nibadilishe njia, lakini nikimsikia mtu yeyote nyuma yangu huwa napunguza mwendo, nageuka, namsubiri anifikie. Mara zote amekuwa ni mtu mwingine. Usiku nikilala najaribu kuimalizia ile sentensi yake. Ile siku nilipokuja na mkokoteni, niliumia. Ile siku nilipokuja na mkokoteni, nilikuwa nimeshakusamehe. Ile siku nilipokuja na mkokoteni, nilisubiri useme neno, hukusema. Kila usiku naimalizia kivingine, na hakuna wa kuniambia ipi ndiyo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujua kama ununue, mimi sikukatazi. Ikiwa daktari amekuambia utembee, na unayo hela, nunua, itakusaidia. Lakini kama kuna mtu uliyemkosea na bado hujamwomba msamaha, jihadhari. Usijiambie utampigia wiki ijayo. Na akitokea asubuhi moja barabarani, akatembea nawe, akafungua mdomo kukuambia kitu, shusha huo mkono na umsikilize mpaka amalize, hata kama ni maneno unayoyaogopa.