Kupolesha na Kuponesha

Miaka ile ya themanini nilikuwa mwuguzi katika wodi ya wanawake, hospitali moja ya Bunia, na nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule unaokwisha ukilala. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Ngezi, asubuhi kwa miguu tayari nimechoka, nikaosha watu, nikawageuza, nikafunga vidonda, nikaandika vitabu vya zamu, nikarudi kupika. Wagonjwa walituita "muganga", wauguzi na madaktari wote pamoja. Lilikuwa jina kubwa mno kwa mtu ambaye siku nyingi alikuwa na maji ya chumvi na pamba tu.

Kosa nililolifanya lilikuwa la herufi moja. Nikiwasimulia wenzangu, wao huanza kwa kucheka.

Daktari wetu alikuwa mtu wa nchi hii hii, ila wa upande wa magharibi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Alikwenda Ulaya kusoma miezi michache, akarudi na mfuko wa makaratasi aliyoyanakili huko, akatukusanya kwenye chumba cha zamu kutusomea. Alisema watafiti wa kule wamekaa karibu na watu wenye kansere isiyotibika, si ili wawaponye, bali waone wanaumia namna gani na nini kinawasaidia. Wakagundua kwamba waganga tunafanya kinyume: tunangoja mgonjwa alie ndipo tunampa dawa. Kumbe akipewa morfini ya kunywa, yaani siro, kwa saa, kila saa nne, kabla maumivu hayajarudi, hutulia na akili yake hubaki naye. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa kwenye karatasi nyingine: kwamba wagonjwa wengi hutaka kuambiwa ukweli wa hali yao, na wakiujua hupanga mambo yao kabla ya kwenda.

La kwanza tulilipokea vizuri. La pili lilifanya tutazamane. Kwetu habari ya ugonjwa mbaya hupewa jamaa, nao jamaa huamua kama mwenyewe ataisikia, na kwa kawaida huamua asiisikie. Mkubwa wetu wa zamu, mama aliyezalisha nusu ya mtaa wake, alisema kwa heshima zote, "Dokta, pengine kule Ulaya mugonjwa iko peke yake, ndiyo maana wanamuambia yeye." Daktari alicheka, akakunja karatasi yake. Akaniteua mimi kuwa mkalimani wake kwa wagonjwa hao, kwa sababu alisema Kifaransa changu ni safi na Kiswahili changu ni kitamu. Sifa kama hizo huja na kazi ya ziada.

Mgonjwa wa kwanza kupewa dawa hiyo alikuwa mama mmoja wa Mahagi-Port, mwuza samaki. Kansere ilianzia kwenye titi, ikawa imekwisha kuingia mgongoni. Alifika juu ya lori, ameketi kwenye godoro katikati ya magunia, na mdogo wake, mjane mnene mpole, amemshika kichwa njia nzima. Hakuweza kulala chali wala ubavu. Alikaa amekumbatia magoti, akitikisika taratibu, na alipoumia sana alitukana kwa lugha ya kwao, kisha akatuomba radhi kwa Kiswahili.

Daktari alisimama kando ya kitanda akasema kwa Kifaransa, polepole, akinitazama mimi: waambie hatuwezi kumponya, ila tunaweza kumwondolea maumivu, na hatutamwacha. Niliwageukia wale ndugu wawili. Nusu ya kwanza ya maneno niliimeza. Sikuimeza kwa ubaya. Nilimwona vile alivyojikunja, nikaona nisimwongezee mzigo. Nikasema, "Mama, dokta atakupatia siro. Hii siro itakupolesha."

Kwa Kiswahili chetu cha Bunia kupolesha ni kutuliza, kama unavyopolesha uji kabla ya kumpa mtoto. Kuponesha ni kurudisha uzima. Kati ya maneno hayo mawili iko herufi moja tu, na yule mama masikio yake yalikuwa yamejaa maumivu. Mdogo wake alipiga magoti pale pale sakafuni. "Aksanti Mungu," alisema. "Aksanti, dokta." Nilidhani anashukuru kwa usingizi ambao dada yake angeupata.

Na usingizi aliupata. Siku ya tatu nilimkuta amelala ubavu, mdomo wazi, anakoroma kama dereva. Siku ya tano alichana nywele. Daktari alitufundisha kupima maumivu kwa maharage matano: mgonjwa achukue mengi au machache kadiri anavyoumia. Mama yule alichukua moja, akaligeuza kidoleni, akalirudisha kwenye sahani. "Dokta anauza maumivu kwa rejareja," alisema, na wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa furaha ya kweli, nami sikuwa nimezoea furaha mahali pale.

Wiki ilipokwisha, nikiwa nimebeba sinia la sindano zilizotoka kuchemshwa, nilimsikia mdogo wake akimweleza mwenye kitanda cha pili. "Muganga mwenyewe alisema, hii siro inaponesha. Na siye tunaona. Ona vile iko anakula."

Nilisimama. Nilielewa papo hapo kilichotokea, herufi na vyote. Ilitosha kugeuka na kusema, mama, hapana, hukunisikia vizuri. Nilitazama sinia langu, nikaona sindano zitapoa, nikaenda zangu. Nilijiambia, kesho.

Kesho yake ndipo nilipojua kosa lile lina uzito gani. Nilikuwa namwosha mgongo, naye kwa kuwa hakuumia alitaka mazungumzo. Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Kpandroma, analima viazi. Baba wa binti huyo alipokufa, binti alichelewa kufika. Njia ilikuwa imekatika, mvua, matope, kila kitu. Alipofika siku ya tatu ya matanga, wakati watu wanagawa chakula, mama alimwambia mbele ya wote, "Umekuja kula." Binti aliweka chini mzigo wake wa viazi, akageuka, akaondoka vile vile alivyokuja. Tangu siku ile hawakuonana.

"Tumuite?" nikamwuliza. Sauti yangu niliisikia ikiwa nyepesi mno.

"Hapana. Miye ndiye nilikosa, mbele ya watu. Nikimuita akuje ku kitanda, atanihurumia tu, hiyo haiko radhi. Nikipona nitaenda miye mwenyewe, na miguu yangu, nipige magoti ku mulango yake, na majirani waone." Akanitazama juu ya bega. "Weye ulisema nitapona. Kwa hiyo nangoja."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Walimsema mgonjwa. Hawakutuwaza sisi waganga, tunaoficha maradhi ya watu wengine na kuita jambo hilo huruma. Nilikausha mgongo wake, nikamvalisha blauzi. Niliogopa. Niliogopa uso wake utakavyobadilika, niliogopa mdogo wake atalia, niliogopa na kazi yenyewe, saa moja au mbili za kukaa pale baadaye, wakati vitanda vingine vinangoja. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo inayoniaibisha zaidi, na ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Kila Jumatatu daktari alipopita aliniuliza kwa Kifaransa kama mgonjwa ameelewa hali yake. Nilijibu ndiyo. Akaandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa ameelezwa, ameelewa, ametulia. Alifurahi. Alisema makaratasi ya Ulaya yamesema kweli: ukweli haumuui mtu. Nilimpenda daktari yule, alikuwa mtu wa haki, na nilimjazia daftari lake uongo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mama yule aliendelea kujiandaa. Alimtuma mdogo wake sokoni akanunue kitenge kipya cha kumpelekea binti, akakiweka chini ya mto. Alijifunza kutembea tena, kitanda hadi mlango, mlango hadi kitanda, mkono mmoja ukutani. Halafu miguu ikaanza kufa ganzi. Alitembea hadi nusu ya wodi, kisha hadi kitanda cha pili, kisha akawa anakaa tu ukingoni, akiitazama miguu yake kama wafanyakazi waliogoma. Maumivu hayakurudi. Siro ilifanya kazi yake barabara, na kwa sababu hiyo hapakuwa na kitu cha kumwonya.

Siku moja ya Jumanne nilimletea dawa ya saa nane mchana. Hakuipokea. Alishika mkono wangu uliobeba kikombe.

"Muganga, hii dawa inaponesha siku gani?"

Mdogo wake alikuwa pembeni anamenya ndizi. Akaacha kisu.

Nilikaa kitandani, jambo tusilofanya. Nikasema, "Mama, haiponeshi. Inapolesha. Nilisema inapolesha." Nikamweleza yote, nusu ile niliyoimeza, na kwamba nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba wamenisikia vibaya. Mdogo wake alianza kulia kimya, ameziba uso na kanga. Mama mwenyewe hakulia. Midomo yake ilikwenda kidogo, akiyajaribu maneno yale mawili, lile la kwanza na lile la pili.

"Kumbe," alisema. Kisha, "Muite mutoto yangu."

Parokia ilikuwa na fonie, redio ya kuongea na misheni nyingine, lakini ilifunguliwa saa moja ya asubuhi tu. Nilikwenda hata hivyo, nikakuta mlango umefungwa, nikarudi. Kesho yake saa moja kamili nilikuwa pale, nikasikia kwa masikio yangu ujumbe ukipokewa Kpandroma. Nilikimbia kwenda kumwambia. Alikuwa bado ananijua, lakini pumzi ilikuwa imeanza kwenda kwa vipande. Nilimwinamia.

"Wamesikia, mama. Atakuja."

"Umuambie nilikosa," alisema. "Uongee na nguvu, watu wasikie."

Alikufa saa sita mchana. Hakuumia. Nilimshika mkono hadi mwisho na naweza kuapa hakuumia hata kidogo. Daktari alikuja, akanigusa bega, akasema tumefanya kazi nzuri, na kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kwenda. Nilimwambia kila kitu pale pale, mbele ya marehemu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha alilifungua daftari lake, akalitazama, akalifunga bila kufuta chochote.

Binti alifika Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na miguu ya matope hadi magotini na mtoto mgongoni, na sura ya mama yake tupu. Jamaa waliokuwa wameketi uani mwa hospitali walisimama. Mama yake mdogo alimkumbatia, akamkabidhi kile kitenge. Nami nilifanya nilivyotumwa. Nilisimama mbele ya watu wote na nikasema kwa sauti kwamba mama yake alinituma nimwambie alikosa, siku ya matanga, na kwamba alitaka kwenda kwake kupiga magoti mlangoni.

Alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza kwa adabu kama ni mimi niliyekuwa nampa dawa. Nikasema ndiyo. Akauliza alikunywa dawa ile muda gani.

"Wiki tano."

"Na weye ulijua, toka mwanzo, kama hatapona?"

"Nilijua."

Alimsogeza mtoto mgongoni, akakaza kanga kifuani. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa awe nayo.

"Miye wameniita jana asubui," alisema. "Na leo niko hapa."