Nilivyoipeleka Sauti Yangu Mbita

Niliondoka Ahero kwa sababu daktari aliniambia nisijali.

Wacha nieleze. Mimi nina kinu cha kukoboa mpunga hapa Ahero. Nimekijenga mwenyewe, sikuachiwa na baba wala na mume, na shule niliacha nikiwa darasa la tatu. Kinu kikiunguruma, mtu wa kawaida hasikiki hata akikupigia kelele sikioni. Mimi nikisimama mlangoni nikaita, mtu wa mizani kule nyuma anageuka. Tena kwenye sherehe, wakati wa pakruok, ile desturi yetu ya mtu kusimamisha muziki na kujisifu mbele za watu, yeye na kwao, bado sijaona wa kunishinda. Sauti ndiyo mali yangu ya kwanza. Nilikuwa nayo kabla sijawa na gunia hata moja.

Sasa shingo ikaanza kuvimba upande wa kushoto. Ni ile tezi inaitwa thairoidi. Ikakua mpaka nikilala chali pumzi inakuwa fupi, na ugali unashuka kwa kusukumwa na maji. Daktari bingwa wa Kisumu, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaangalia picha kwenye kompyuta. Akasema vipimo havikuonyesha saratani, lakini tezi yote itolewe, na haraka. Nilikuwa nimesikia kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo, kwa hivyo nikauliza, "Na sauti yangu?"

"Usijali, Mama," akasema, macho yake yakiwa bado kwa kompyuta.

Mimi nanunua mpunga. Muuzaji akiniambia nisijali, hapo ndipo nachukua kile chuma chenye ncha, nachoma gunia chini kabisa, natoa punje nauma. Mara nyingi chini kuna unyevu. Na huyu kijana alitaka kunikata shingo ambayo hajaishika hata kwa kidole.

Asubuhi tuliyotoka Ahero, kanta yangu, lori langu dogo, ilikuwa imebeba mchele wa wateja wa Mbita, ng'ambo ya ghuba. Mmoja wa wateja hao ni daktari mstaafu wa upasuaji. Anakula mchele wangu miaka yote na hajawahi kunilipa kwa ushauri. Nikaona wakati umefika. Odhiambo, dereva wangu, hakupenda.

"Mama, yule ni daktari bingwa. Amesoma mpaka nywele zikaanza kumtoka."

"Na wewe umeendesha gari tangu ukiwa na nywele. Mbona kila asubuhi nakuuliza kama umeangalia breki?"

Akakanyaga breki kuijaribu, tukaendelea mpaka Nyamasaria. Hapo Nyamasaria ndipo nilianza biashara, nimekaa chini kando ya barabara na gorogoro moja la kupimia. Siku hizi kuna magorofa na maduka ya mabati. Kila nikipita huwa natoa mkono dirishani kuwapungia akina mama wanaouza pale, na siku hiyo pia nilitoa.

Kisumu tulisimama kwa duka la vipuri la Bwana Singh, nichukue mkanda wa kinu. Bwana Singh tunajuana tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Mama, shingo imenona! Pesa imejaa mpaka hapo?"

"Imejaa, na wanataka kuikata."

Akaacha kucheka. "Mke wangu walimkata shingo hapo hapo, hospitali ya mbali, si hapa Kisumu. Tangu siku hiyo ananigombeza kwa kunong'ona." Kisha akaongeza, "Mimi nilidhani nitafurahi. Nyumba imekuwa kimya sana, Mama."

Nilichukua mkanda nikaondoka bila kubishana bei. Odhiambo alishangaa kuliko mimi.

Jua likielekea kushuka tulifika Asembo, nyumbani nilikozaliwa, tukalala kwa dada yangu Akoth. Alinipikia samaki, ngege wa kuchemsha, laini, akijua koo langu. Alipinga pia, lakini kwa njia yake.

"Nyaminwa, dada yangu, kwani lazima mtu akatwe? Nyanya yetu alizikwa na goita yake shingoni."

"Alizikwa nayo, au ndiyo ilimzika?"

Akaniongezea mchuzi. Usiku huo nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu kulala chali nilikuwa nimeshindwa. Asubuhi macho ya Akoth yalikuwa mekundu. Alikuwa amenisikiliza nikivuta pumzi. Hakusema tena habari ya nyanya. Alinifungia karanga za njiani, halafu akakumbuka karanga hazipiti, akanipa ndizi.

Luanda Kotieno tulingoja feri, kanta ikiwa nyuma ya lori la soda. Magugu yalikuwa yamejaa ufukweni mpaka ungedhani ni shamba la mboga. Feri ilipoyapita, ziwa likafunguka, safi, visiwa vimekaa mbali. Abiria walikuwa wakiimba wimbo wa kanisa. Mimi hukosi kunisikia kwenye wimbo, lakini siku hiyo nilifunga mdomo nikasikiliza wengine, kujaribu tu vile itakuwa. Sikupenda kabisa.

Mbita, yule daktari mstaafu alitukuta tukishusha mchele. Nikamwambia shida yangu hapo hapo kando ya kanta. Hakutaka kuona picha kwanza. Alinikalisha kwa kiti barazani, akasimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni pande zote mbili.

"Meza maji." Nikameza. "Tena." Akabonyeza polepole, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Kisha akaja mbele.

"Yule kijana hajakosea. Hii itolewe, inabana njia ya hewa."

Nikamwambia, "Nilitegemea uniambie anadanganya."

"Mama, kama ulitaka kudanganywa ungebaki Ahero. Sasa sikia. Kabla hajashika kisu, apitishe kamera puani aangalie nyuzi za sauti. Halafu muulize kwa nini atoe pande zote na uvimbe uko upande mmoja. Akikujibu vizuri, mwachie kazi. Akikasirika, mimi nitakuandikia barua kwa mwingine."

Nilirudia maneno hayo feri nzima. Odhiambo alichoka. "Mama, hata mimi sasa naweza kukupasua," akasema.

Kisumu, mara ya pili, niliingia kwa daktari bingwa bila kuketi. Nikauliza yote mawili.

"Ulienda kwa daktari mwingine?" Sauti yake ilikuwa baridi.

"Nilienda. Hivyo viatu vyako ulinunua duka la kwanza?"

Aliangalia viatu. Nilidhani atanifukuza. Muuguzi aliyekuwa pembeni alitazama dari. Kisha kijana akacheka, akainuka, akazunguka meza, na kwa mara ya kwanza akaweka mikono shingoni mwangu.

"Nisamehe, Mama," akasema akiwa nyuma yangu. "Wagonjwa wengi hawaulizi, nami nikazoea."

Kamera ilipita puani. Inawasha kama pumba za mpunga, lakini nilivumilia. Akaangalia muda mrefu. Akanionyesha kwenye kioo: nyuzi mbili, wa kulia unacheza vizuri, wa kushoto unavuta mguu.

"Uvimbe umeulemea huu wa kushoto. Ningegusa pande zote, na wa kulia ukiumia, ungepoteza sauti, labda na pumzi. Sasa nitatoa kushoto peke yake. Kulia tutakuachia, tukipima damu mara kwa mara." Akazima kamera. "Umefanya vizuri kuuliza."

Hapo ndipo nikaketi. Nikamwambia, "Sasa shika kisu."

Siku ya upasuaji sina la kusimulia, nililala. Nilipoamka mchana, koo limekauka kama jiko, uso wa daktari ulikuwa juu yangu, na nikaona ana wasiwasi kuliko mimi.

"Mama, sema aaa. Polepole."

Mimi sikutoka Ahero kwenda Mbita na kurudi kwa sababu ya aaa. Nikavuta pumzi, na pumzi ikaingia yote, hata nimelala chali.

"An Nyar Asembo!" Ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka. "Binti wa Asembo, mwenye kinu cha Ahero, niliyemzungusha daktari meza yake mwenyewe!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi. Muuguzi akaja mbio: "Mama, watu wanapumzika!" Daktari alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika.

Kurudi Ahero, nilikatazwa kupaza sauti mpaka kidonda kipone. Nilitii, jambo ambalo Odhiambo anasimulia watu mpaka leo. Daktari yule sasa ni daktari wangu, na ninaenda kupimwa damu kwake bila kusukumwa. Nilichojifunza nitakisema wazi. Kuhusu kisu, kijana alikuwa sawa. Kuhusu sauti, mimi nilikuwa sawa. Na gunia zuri haliharibiki kwa kuchomwa. Muuzaji mwenye mpunga mkavu hukusogezea mwenyewe uchome.

Siku niliyoruhusiwa kupaza sauti, nilisimama mlangoni kinu kikiunguruma, nikajaza kifua, nikaita. Mtu wa mizani akageuka. Na nje, ng'ambo ya barabara, Odhiambo akaruka kutoka chini ya kanta, mikono juu:

"Mama, breki nimeangalia!"