Kila Bolti na Kikalio Chake

Ngarenaro nzima, pale Arusha, ilijua kwamba Hafidha binti Uwesu hauzi bolti ya gurudumu kwa maelezo ya mdomo. Ungeweza kufika dukani kwake na pesa kamili mkononi, ukasalimu vizuri, ukaeleza gari lako kuanzia taa za mbele hadi ekzosi, naye angekusikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akuambie, "Lete gurudumu. Na bolti ya zamani ije nalo." Wageni walinuna. Wengine walivuka barabara wakanunua kwa mwingine, na wengi wao walirudi baada ya siku chache wamebeba gurudumu begani. Hafidha hakuwauliza walikuwa wapi. Mtu anayeijua kazi yake hana muda wa kusuta watu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, makopo ya maziwa ya unga yamepangwa ukutani hadi juu, na kila kopo lina nati au bolti za aina yake. Alilianzisha baba yake, Mzee Uwesu, Mrangi wa Kondoa, miaka ile ambayo spea mpya ilikuwa hadithi. Wakati huo bolti ilitolewa kwenye gari lililokufa, ikapigwa brashi, ikatafutiwa gari lililo hai. Mzee alimfundisha bintiye kazi hiyo kabla hajaanza kuvaa ushungi, na somo la kwanza lilikuwa kwamba bolti ina makalio. Chini ya kichwa chake pana sehemu inayokaa kwenye rimu. Nyingine imechongoka kama faneli, nyingine ni ya mviringo kama tako la yai, na rimu nayo ina kiti chake. "Ukimkalisha mtu kiti kisicho chake," mzee alizoea kusema, "atakaa, lakini atanyanyuka." Hafidha alilishika somo kama lilivyo, ila neno alilipunguza makali. Mbele ya mafundi alisema makalio. Mbele ya watu wazima akasema kikalio.

Hata mume alimpata kwa mlango huohuo. Omari, dereva wa lori la nafaka, alikuja kuulizia nati akaambiwa alete gurudumu. Akalileta, akaambiwa gurudumu hili ni la mbele na nati aliyoshika ni ya nyuma. Alipokuja mara ya tatu alikuja na mshenga.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Makontena yakafunguka, watu wakawa wanakwenda Dubai na kurudi kama wanaokwenda sokoni Tengeru, na vitu ambavyo jana vilikuwa vya wakubwa vikatandazwa juu ya maturubai kando ya barabara. Arusha ikazipenda rimu za spoti. Gari lilikuwa na kutu milangoni, linatoa moshi kama tanuru la matofali, lakini chini linang'aa. Wezi nao wakazipenda, hata ikawa si ajabu mtu kuamka pale Sekei akakuta gari lake limekaa juu ya mawe. Ndipo zikaingia nati na bolti za kufuli, moja kwa kila gurudumu, kichwa chake kimechorwa kama ua na kinafunguka kwa ufunguo wake tu.

Hafidha alizichambua kama mchele. Boksi la kufuli likifika, aliazima ufunguo wa boksi jingine kwa Nusura, mwenye duka la pili, akajaribu. Ukifungua, boksi lilirudi lilikotoka, maana kufuli ambalo funguo zake ziko kila duka ni pambo. Na kila mnunuzi alipewa onyo lilelile, kwamba ufunguo ulale garini pamoja na jeki. Kulikuwa na bwana mmoja aliyempa mkewe ufunguo amtunzie. Tairi lilipompasukia Usa River, mke alikuwa harusini Babati na ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga yake.

Ruksa haikumpata mtu aliyeipenda kama Luqman, mdogo wake Hafidha. Alikuwa mwepesi, mcheshi, anavaa vizuri, na Dubai alikwisha kuizoea. Baba yao alipofariki, urithi uligawanywa kwa sheria ya dini, mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke. Kwa hiyo duka lilikuwa la Luqman zaidi kuliko la Hafidha, ingawa aliyelifungua kila asubuhi ni Hafidha. Luqman hakuwa mtu mbaya, na dada yake alimpenda. Lakini alipoyatazama yale makopo aliona kutu, na alipoutazama ule ukuta aliona mahali pa kupanga redio kaseti.

Mwezi wa Novemba akatamka. "Dada, tungoje Krismasi. Mzee Aikaeli akiondoka hapa na rimu zake zimefungwa, wenzake wote wenye Benzi watakuja, na duka la bolti litabaki. Akiondoka mikono mitupu, Januari naweka redio."

"Na mimi?"

"Utauza redio."

"Mimi sijui kuuza kitu kisicho na meno," Hafidha akajibu, akaendelea kupanga bolti zake. Hakuomba. Lakini iliuma, tena iliuma sana. Pale dukani ndipo alipokuwa mtu mwenye jina lake. Kwingine kote alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani.

Huyu Mzee Aikaeli alikuwa Mmachame mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anaishi Sekei. Alijipatia Benzi ya mtumba iliyotunzwa, kisha akajipatia rimu nne za spoti za kuivalisha. Wachaga hawana mchezo na Desemba. Mwaka mzima utawaona wametawanyika nchi nzima, lakini Krismasi ikikaribia wote wanapanda mlimani kwao, na kila mmoja anapimwa kwa kile alichopanda nacho. Mwaka uliopita shemeji yake Aikaeli alipanda na Pajero, na hakumwacha mtu apumue. Mwaka huu Aikaeli alitaka zamu yake.

Hapo ndipo neno moja likaharibu mambo. Arusha, kitu chochote kinachoshika gurudumu huitwa nati. Ikiwa ni nati kweli ni nati, na ikiwa ni bolti ni nati vilevile. Aikaeli alimkuta Luqman mgahawani akamwagiza, "Niletee nati nzuri za Benzi, za rimu za spoti, na za kufuli ziwemo." Luqman akaruka hadi Dubai, akaulizwa anataka nini, akasema nati. Alirudi na nati kweli, zinang'aa hata ungeweza kujitazama. Sasa Benzi haina nati. Gurudumu lake hushikwa kwa bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, wala hakuna chuma kinachochomoza cha kuvalisha nati. Luqman alikulia dukani mle, lakini hakuwahi kuinama kutazama. Nati zake zikawa kofia zisizo na kichwa.

Hafidha alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile kilimgharimu, maana Luqman alikimeza kimya, na tangu hapo hakumuuliza dada yake lolote. Alivuka Namanga peke yake akaenda Nairobi, akarudi na boksi la pili. Safari hii zilikuwa bolti, na hakumwonyesha dada yake.

Siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, Benzi ilisimama mbele ya duka. Rimu za spoti zilikuwa zimekwisha kuvalishwa matairi na zilingoja ndani tangu wiki iliyopita, kwa masharti ya Hafidha. Mkewe Aikaeli, Mama Tabea, alishuka akakaa kwenye benchi kivulini.

"Shikamoo mzee," Hafidha akasalimu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, binti Uwesu. Leo mnanitoa nang'aa, eti?"

"Tunakutoa, mzee," Luqman akadakia kabla dada yake hajafungua kinywa. Akapiga jeki, akavua gurudumu la mbele la chuma, akapachika la spoti, akaanza kuingiza bolti zake kwa vidole. Ziliingia laini. Akazikaza kwa spana, akasimama, akajifuta mikono. "Zimeingia," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Nusura.

Hafidha alichukua bolti moja iliyobaki kwenye boksi akapitisha kidole gumba chini ya kichwa chake. Faneli. Akaingiza kidole hichohicho kwenye tundu la rimu iliyokuwa bado haijafungwa. Lilikuwa bakuli. Ukitia faneli ndani ya bakuli, itagusa ukingoni tu.

Nyumbani kwa Mzee Uwesu walilelewa kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi. Ndugu habishani na nduguye mbele ya mteja. "Luqman," Hafidha akaita kwa upole, "njoo mara moja huku nyuma."

"Sema hapahapa, dada. Mzee ana safari."

Luqman alijua dada yake hatasema. Na kwa kweli, kama Hafidha angenyamaza, Aikaeli angeondoka amefurahi na makopo yangebaki ukutani. Lakini alilijua jibu lake kabla ya kujiuliza. Machame kuna miteremko, na ndani ya gari lile watakaa watu. Ruksa ya kuuza si ruksa ya kuua.

Hakubishana. Alizunguka nyuma jikoni, akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na tone la mafuta kwenye kisahani, akarudi akampa mdogo wake. "Baba alikuwa anapaka kwanza. Paka wewe mwenyewe chini ya kichwa, kaza, kisha fungua tuone."

Luqman angekataaje jambo la baba yake mbele ya mtu aliyemjua baba yake? Alifungua bolti moja, akaipaka masizi, akairudisha, akaikaza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akaifungua akaichomoa. Kikalio kikikaa sawasawa, masizi hufutika pande zote. Pale yalikuwa yamefutika kwa kiduara chembamba kama uzi. Kwingine kote bolti ilikuwa nyeusi vilevile.

Aikaeli alikuwa nyuma ya mgongo wa Luqman, haoni. Bolti ilikuwa kwenye kiganja kimoja cha Luqman, na kitambaa kwenye kingine. Kupangusa mara moja tu kungetosha. Hafidha aliona, naye Luqman aliona kwamba ameonwa. Kama mdogo wake angepangusa, basi hata lile duka lisingekuwa na maana kwa Hafidha tena.

Luqman akageuka. "Mzee, tazama hapa. Inagusa kwenye huu uzi tu. Gurudumu zima lingeshikwa na hiki."

"Si umesema zimeingia?"

"Zimeingia, lakini hazijakaa. Zitajilegeza njiani, labda wakati mnashuka."

Aikaeli alizungusha bolti ile mkononi, uso umekunjamana. "Basi rudisheni zile za zamani kwenye rimu mpya. Hizo si zilikuwa zimekaa?"

"Kikalio chake ni sawa, mzee, ila ni fupi," Hafidha akajibu. Akachukua rimu ya spoti na bolti ya zamani, akaipitisha kwenye tundu, akamwonyesha upande wa pili jinsi ncha ilivyochungulia kidogo tu. "Rimu hii ni nene kuliko ya chuma. Meno haya machache hayashiki gari. Wewe unahitaji yenye urefu wa hizi mpya na kikalio cha hizi za zamani. Kufuli alizoleta Luqman ni imara, Nusura ameniambia ufunguo wake umezikataa. Hapo alichagua vizuri. Kilichobaki ni kikalio."

"Kwa hiyo nipande Machame na rimu za chuma? Shemeji atanicheka mpaka Pasaka, mbe."

"Acha acheke," Mama Tabea akasema pale kwenye benchi. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na rimu. Nataka kufika."

Hasira yote mzee alimgeuzia Luqman, kwa sababu ndiye aliyeahidi. "Wewe ndiye uliyeniita hapa. Unaniambia zimeingia, dada yako anasema hazifai, na mimi nasimama juani kama mpira kati ya timu mbili. Nieleze leo. Hapa mwenye neno ni nani?"

Luqman aliutazama ukuta wa makopo. Mafungu mawili kati ya matatu ya ukuta ule yalikuwa yake. Angeweza kusema hivyo na hakuna sheria ambayo ingempinga.

"Ni dada," akasema. "Bolti ni zake na duka ni lake, mzee. Mimi ni wa kutumwa. Baada ya sikukuu atanipa sampuli niishike mkononi, nikuletee zako."

Aikaeli akamrudishia bolti yake. "Haya. Nifungieni chuma changu niende kwetu."

Hafidha alikuwa akilingoja neno lile la Luqman tangu siku walipogawana urithi, na lilipokuja lilimkuta vidole vyote vina masizi. Machozi yakamtoka asiweze kuyafuta. Aliyaacha yashuke, akainama, akashika spana, akaanza kufungua rimu ya spoti.