Maji ya Pipa la Nzige

Asubuhi ya juzi nilitoka Tandahimba bila safari maalumu, kama ilivyo kawaida yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na nilipopita chini ya mchirizi wa bati, harufu ya maji yaliyotuama kwenye chuma ikanirudisha kwetu Chilangala, Waingereza wakiwa bado wanatawala, mwaka ambao baba alileta pipa.

Sisi tuliishi juu, maji yalikuwa bondeni. Mama alishuka alfajiri na kupanda mteremko ule na debe kichwani, bila kulishika, huku akiwatania wenzake waliokuwa wakihema. Bangili yake ya shaba ilikaza chini kidogo ya kiwiko, haikucheza hata alipotwanga. Kwa hiyo baba alipopewa pipa tupu na wapiga dawa ya nzige, majirani walikuja kulitazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Tulilisugua kwa mchanga na majivu, tukakinga mvua.

Mimi ndiye niliyeyatema kwanza.

"Yananuka dawa, mama."

"Unaringa. Baba yako Mzungu?" Tukacheka. "Haya, ninyi kunyweni ya bondeni. Haya nitakunywa mimi. Kuyamwaga siwezi."

Kwetu hakuna aliyemwaga maji. Aliyanywa masika yote. Korosho zilipoanza kuiva, bangili ilikuwa imeteremka hadi kwenye kifundo cha mkono, na mapaja yake yalikuwa yamenywea.

"Mama Hamisi, unakula kweli?" jirani yetu Mama Zainabu alimuuliza.

"Nakula, mwenzangu. Nyama zinahama tu, hata hazikuniaga."

Baadaye akashindwa kupanda. Nikaacha shule, nikashika debe. Zahanati walimuuliza habari za chakula na homa. Habari za maji hawakuuliza, nasi hatukulitaja pipa, maana tulijivuna nalo. Alikufa akiwa hawezi kuinua kikombe. Tangu hapo nimewauliza wengi njiani kama ni lile pipa. Hakuna aliyenihakikishia, nami sijaacha kuuliza.

Jioni ya juzi nilifika Nanganga, ambako sikuwahi kulala, nikapata chumba kwa mama mmoja kijana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akanichotea maji kwenye pipa la plastiki. Nikayanusa.

"Pipa hili lilikuja na nini ndani?"

"Sijui, babu. Nililinunua mnadani." Akanitazama, kisha akachukua kikombe. "Basi tuyamwage. Bomba si lile pale?"

Akayamwaga uani bila kutazama yalipoangukia. Mimi niliyatazama mpaka mchanga ulipoyamaliza.